Neema Si Bagage

Bunia, Jumanne

“Kiti yenye magurudumu ni bagage, na bagage inalipiwa.” Ndivyo alivyonijibu konvwayeri aliyekusanya nauli kwenye basi la kwenda Kasenyi, kando ya ziwa. Uongo! Kiti hicho si mzigo, ni miguu ya binti yangu. Nani hulipia miguu yake?

Nikampakata Neema, kwa kuwa hawezi kukaa peke yake. Nikakumbusha desturi: mtoto wa mapajani halipii plasi, yaani nafasi ya kukaa.

“Mama, huyu iko mukubwa. Atalipa plasi.”

“Basi umupe hiyo plasi!”

“Si umemupakata weye?”

Basi zima likacheka. Neema akasema: “Kama niko bagage, muniweke kule juu, nione ziwa muzuri.”

Nimesoma kuwa kuna nchi ambako familia yenye mtoto mlemavu hupunguziwa nauli ya treni. Hatuna treni, sawa. Lakini kuona haya hakuhitaji reli.

Nililipa nauli tatu, yangu, ya Neema na ya kiti, kwa plasi moja. Huko Kasenyi mama yangu humngoja mjukuu wake kila mwezi, na kwa bei hii sijui kama nitaweza...

Wenye mabasi ya Kasenyi, kipakieni kiti cha Neema bure, na plasi mliyomlipisha mumpe. Au mshuke wenyewe Kasenyi, mumweleze mama yangu kwa nini mjukuu wake haji.