Farao na Huruma

Jumapili, 9 Februari 2025

Theluji tena. Watu wachache ibadani, lakini nyimbo zilipanda! Baadaye Imelda alinivuta kando, pale penye makoti. Amepewa pointi nyingine ya kuchelewa kazini. Akipata moja zaidi, basi, kazi kwaheri. Hakulia. Imelda halii kanisani, hulilia kwenye treni.

Kazi ikienda, bima nayo imekwenda. Na hiyo bima ndiyo inayomsafisha Damas damu. Figo za mume wake hazijui kungoja.

Sasa kuna kitu kinanisumbua. Tunapanda treni moja pale University Avenue, mtaani kwetu Frogtown, ile ya kwanza kabisa ya alfajiri. Tunashuka pamoja, tunatembea pamoja mpaka uani kwa kiwanda cha kufulia, halafu tunaachana — mimi naingia mlango wa nguo chafu, yeye mlango wa nguo safi. Mimi sina pointi hata moja. Yeye kila mara kachelewa! Na ni tangu ahamishiwe kule kukunja nguo safi, baada ya Krismasi. Alipokuwa nasi kwenye uchafu hakuwahi kuchelewa.

Baba, nifungue macho.

Jumatatu, 10 Februari

Nilimwambia Jotham tukichambua mashuka ya hospitali. Akacheka ndani ya barakoa.

"Mama Natasha, kwani wewe unaishi wapi? Ile mashine ya kadi ya wasafi ni Farao. Inakimbia mbele. Yetu ni Huruma. Iko nyuma, inatusamehe."

Kumbe kila mtu anajua! Wamezipa na majina! Mimi huingia nikipiga kadi nikiwa nasema zaburi yangu, sijawahi kuilinganisha na simu. Jotham ndiye anayemshukuru Huruma kuliko wote. Baridi ikizidi gari lake haliwaki, anafika mbio akiwa na buti mkononi, na Huruma anamwandika amewahi.

Nikamuuliza, na Imelda je? Akasema yule aliomba kwenda mbinguni kwa wasafi, akamkuta Farao mlangoni. Wote wakacheka. Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

Jioni kwenye treni nikamwambia Imelda. Aliinama akajisugua magoti. Kisha: "Dada, mimi nilidhani ni miguu yangu. Nilidhani nimezeeka. Nimekuwa nikikimbia pale uani kama kuku."

Jumanne, 11 Februari

Mungu si Athumani! Leo kaja fundi wa kompyuta, na fundi mwenyewe ni Geofrey, yule Mtanzania mpole wa Apple Valley anayepiga kinanda kwenye fellowship yetu. Kaletwa kwa kazi hiyo hiyo — kusawazisha saa za kompyuta zote za kiwanda, na mashine za kadi zikiwemo. Atazirekebisha Alhamisi.

Alinieleza tukinywa chai. Mwaka jana mtu wa ofisini alifungua barua pepe yenye virusi, wakubwa wakaogopa, wakaukata mtandao wa kiwanda usiguse intaneti kabisa. Sasa kompyuta zinaongea zenyewe kwa zenyewe humu ndani. Na kila kompyuta ina kisaa chake kidogo, hakuna kilicho sawa kabisa. Zamani zilikuwa zinauliza saa huko nje. Sasa hazina wa kumuuliza, kila moja inajiendea.

Nikamwambia hiyo ni kama muumini aliyeacha ushirika, anasali peke yake chumbani mpaka anajitungia dini yake. Akacheka sana. "Ndivyo hasa, mama."

Dawa yake: kijisanduku kimoja chenye antena juu ya paa. Kinasikiliza satelaiti, kinajua saa ya kweli, kinawaambia wengine wote ndani. Nikauliza, na virusi havitapitia hapo? Akasema kile kinasikia tu, hakijibu mtu. Saa inashuka kutoka juu! Nilifurahi kama nimesikia mahubiri.

Halafu nikamuuliza juu ya pointi za Imelda, zile za nyuma. Akaweka kikombe chini. Akasema akishasawazisha, hakuna atakayeweza kuonyesha Farao alikuwa mbele kiasi gani. Kompyuta itakuwa sawa, na Imelda atabaki mchelewaji. Lazima zipimwe kwanza, na ripoti iandikwe. Lakini yeye kaajiriwa kurekebisha tu. Kupima, lazima wakubwa wakubali.

Na akipima moja, atapima zote.

Jumatano, 12 Februari

Siku mbaya. Jotham alinikalia mbele wakati wa chakula. "Mathe, tafadhali. Wacha wazisawazishe kimyakimya. Hakuna mtu ataumia. Ukiomba wapime Farao, watapima na Huruma. Halafu wataanza kuhesabu sisi wote tulioingia tumechelewa. Mimi nitakuwa wa kwanza nje."

"Na Imelda?"

"Imelda anabakisha pointi moja. Saa ikiwa sawa hatachelewa tena. Si ndio? Tatizo liko wapi, Mtakatifu wa Frogtown?"

Nikawaza kidogo. Theluji ya leo. Treni ikikwama mara moja tu, siku moja tu, na Damas ndiyo basi. Imelda anaishi juu ya uzi kwa makosa ya mashine. Nikasema nilimjua Farao wa Biblia, sikujua ana ndugu huku kwetu. Lo, mdomo wangu! Jotham alisimama akaacha chakula chake. Si mtu mbaya. Ndiye alimfundisha Imelda kufunga glavu zisiingie maji.

Natasha wangu ananiambia, kwa Kiingereza chake, niandike imeili tu. Nikamwambia la, jambo kama hili mtu huambiwa usoni.

Basi nikaenda kwa Brandon, supavaiza. Akasema kompyuta haidanganyi. Nikamwambia: mimi na Imelda huachana pale uani tukiwa tumeshikana mikono, uliza huyo mlinzi wa lango. Mmoja kawahi, mmoja kachelewa. Nani anadanganya? Akauliza, na mashine yenu je?

Nikajibu: "Nayo pia ipimwe."

Kabla sijafika kwenye mashuka yangu, habari ilikuwa imeshafika.

Alhamisi, 13 Februari

Zimepimwa! Geofrey alipima kabla hajagusa kitu, Brandon akiwa amesimama pale pale. Farao mbele dakika nane. Huruma nyuma dakika tano. Brandon alijikuna shingo.

Antena kwanza haikusikia chochote, ilikuwa imejibana karibu na ukuta. Geofrey akapanda tena kwenye theluji akaisogeza penye anga wazi. Ikasikia! Lakini hakumrudisha Farao nyuma kwa ghafla. Anasema dakika zile zile zingeandikwa mara mbili. Anampunguza mwendo tu, kidogo kidogo, mpaka wengine wamfikie. Nimeipenda hekima hiyo. Mungu naye hunirudisha hivyo.

Imelda kaitwa ofisini kesho, kuhusu pointi.

Jotham hakunisalimia leo. Hakuna aliyenisalimia. Nimekula ugali wangu peke yangu, lakini moyo mwepesi.

Ijumaa, 14 Februari

Naandikia kwenye benchi, nje ya ofisi. Nimeoga nikabadilisha nguo, kwa maana ofisi iko upande wa safi na sisi wachafu haturuhusiwi kuvuka mstari wa manjano na buti zetu. Imelda yuko ndani na Brandon, na mama mmoja wa makao makuu mwenye miwani. Sisikii maneno, nasikia sauti tu. Ya Imelda haitetemeki!

Nimetazama Farao ukutani. Nimetazama simu yangu. Sawa kabisa.

Sasa hivi mama wa miwani amechungulia. Anauliza nani atazungumza juu ya mashine ya mlango wa nguo chafu. Nikasimama. Akasema, peke yako? Nikasema ndiyo —

Nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu.

Jotham. Kaoga, nywele bado zina maji. Yuko na soksi tu, moja imetoboka kidole. "Mathe, kaa chini kwanza," anasema, "mimi ndiye Huruma alimsamehe sana." Hanitazami. Amepita mbele yangu, amebisha mlango.

Na kule kwenye mstari wa manjano buti za mpira zimepangwa kama mlangoni mwa msikiti, na wenzangu wengine wa nguo chafu bado wanavua.