Prosesa Mpya Isubiri

Chang'ombe, Jumapili

Dada Demetria, shikamoo.

Sie wazima, ila kitambi changu kimezidi. Zimetangazwa prosesa mpya za kompyuta, zenye kori kumi na sita, yaani kama bongo kumi na sita zikifanya kazi pamoja. Fundi wangu wa kompyuta, Praygod, ananicheka: "Braza, video moja ya sendofu mashine yako inaipika masaa matatu? Hiyo mpya, dakika ishirini tu!" Wateja wameanza kunikimbia, nikakubali kubadilisha.

Ila wifi yako Yustina, tangu tumzike mwanetu Blessing, alikuwa haongei. Siku hizi mashine ikianza kupika video niliyohariri, analeta chai dukani, anakaa nami masaa yote matatu kuwateta mashangazi wanavyosakata muziki kwenye video. Juzi alicheka mpaka akashika ukuta.

Nimemwambia Praygod mashine ibaki. Ameniita mshamba, nami nimeitika.

Mdogo wako,
Ferdinand