Njia za Huku na Mlango wa Baba

Milimani, Ureno

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii naiandika kwa herufi kubwa, kama unavyoona, ili uisome mwenyewe taratibu bila kumsubiri mdogo wangu Neema aje kukusomea. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilisaidia, au bado unainuka kwa kushika ukuta? Na mvua huko Misigiri imekaaje, alizeti zimeshika au ndiyo mnapanda mara ya pili? Mimi mwili ni mzima kabisa, sina hata mafua. Ni moyo tu ambao hautulii tangu Neema aliponiletea ujumbe wenu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yenu mnaiweka sauti ya juu, kila aliyeko uani anasikia, na baba naye yupo hapo hapo kwenye kigoda chake. Neno mnalolitaka kwangu si la kusemea mbele yake. Barua hii anakuja nayo kijana mmoja wa Kiomboi anayechuma matunda huko mabondeni. Yeye karatasi zake zimekamilika na anakuja nyumbani kuoa. Mimi kadi yangu ya kuishi huku bado wanaishughulikia. Kila nikienda kuuliza naambiwa nisubiri, na nikiondoka kabla haijatoka, sirudi tena. Basi nasubiri.

Acha kwanza nikueleze kazi yangu mpya, maana najua ukienda kanisani wanakuuliza mwanao anafanya nini Ulaya na wewe huna la kuwajibu. Huku milimani, mama, watu hutembea bila kwenda mahali. Usicheke. Wanatoka nchi zao kwa ndege, wanavaa viatu vizito, wanashika fimbo mbili kila mmoja na miguu yao mizima, wanazunguka kilima, halafu wanarudi pale pale walipoanzia na kushukuru sana. Wengi ni wazee. Njia zenyewe ni nyepesi, zile ambazo wewe na magoti yako ungezimaliza ukiwa na ndoo kichwani. Zinapita kando ya mifereji ya maji, kwenye kuta za mawe za mashamba yaliyoachwa, katikati ya miti wanayoichuna magome kutengenezea vizibo vya chupa. Kuna na mikaratusi, na ninapopita penye mikaratusi wakati wa jua huwa nanusa Misigiri, naumia.

Wenyeji wa vijiji hivi karibu wote ni wazee pia. Watoto wao wamehamia mijini. Unaweza kupita nyumba kumi za mawe na kumkuta bibi mmoja tu na mbuzi wake, akusimamishe kwa mazungumzo mpaka uchelewe. Mimi naajiriwa na mama mmoja anaitwa Lurdes, ana nyumba ya wageni. Nafyeka miiba njiani, narudisha mawe yaliyoanguka, napaka alama. Mistari miwili, mwekundu na wa njano, ikilala sambamba, maana yake njia ndiyo hii. Ikipishana kama msalaba, usipite. Na siku ambazo wageni ni wazee sana natembea nao, nisije nikapoteza mtu.

Sasa sikia nilichofanya. Tulikuwa na mzee mmoja Mholanzi, Pieter, mrefu, mkali kidogo, yuko na mke wake na marafiki zao wa rika lake. Kuna mahali chini ya kinu cha zamani njia inagawanyika, na jiwe la upande wa kushoto lina msalaba nilioupaka kwa mkono wangu. Mzee Pieter alikuwa mbele anasimulia jambo, mimi nyuma kama ilivyo kwetu, maana mtoto hamtangulii mzee njiani. Akashika kushoto. Mama, niliuona ule msalaba, nikafungua mdomo, nikaufunga. Nitamwambiaje mtu mzima, mbele ya mke wake na rika lake, kwamba amepotea? Nikajiambia labda ana sababu yake. Nikajiambia atageuka mwenyewe. Wenzake nao wakamfuata wakidhani nimekubali, kwa kuwa mimi ndiye mwenye njia na nimenyamaza.

Tulishuka mpaka korongoni, kwenye mawe yenye utelezi, na huko ndiko alikoteleza. Kifundo cha mguu kikavimba hapo hapo. Nilipiga magoti nimfungue kiatu, akaniuliza kwa Kiingereza, polepole ili nielewe.

"Ulijua kwamba siyo njia?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Nikamwambia tu kwamba yeye ni mzee. Alinitazama, mama, hakunitukana, lakini aliukataa mkono wangu. Akasema, "Mimi ni mzee tu. Njia siijui."

Tulimtoa kwa shida, nusu nimemkokota nusu nimembeba, mpaka tukafika. Lurdes hakunifukuza. Alinikalisha jikoni, akanipa supu, ndipo akanisema kwa upole unaouma kuliko kelele. Alisema heshima ya namna yangu itamuua mtu, na kwamba kuanzia sasa nitatembea mbele. Natembea mbele, basi. Kila nikisikia nyayo za wazee wa watu nyuma yangu naona haya, kama niliyeingia chumbani kwa mkwe bila hodi.

Nakusimulia haya kwa sababu ya yule kijana wa bodaboda. Neema aliponiambia kwamba baba alitoka nyumbani amevaa koti lake la mnadani, akasimama barabarani, na kijana akamchukua mpaka Iguguno bila kuuliza lolote, nilimlaani yule kijana wiki nzima. Nilisema hana akili, anaona mzee ana kiatu kimoja bado anampakia. Na mlipomwita mkamuuliza, akajibu kwa kulia, "Mzee kaniambia anakwenda kumtazama ng'ombe wake mnadani. Ningemuulizaje?" Sasa simlaani tena. Angefanya nini? Alimwamkia, akampa kofia ngumu, akampeleka alikotaka. Ndivyo tulivyomlea sote. Hata wale waliompita safari ya pili, alipokuwa anatelemka peke yake kuelekea Sekenke jua likiwa kali, wote walimpa shikamoo yake na kumpisha njia. Kama wachungaji wasingeshusha mbuzi kwenye lile korongo alimokutwa, tungekuwa tumeshamlilia.

Nilizungumza naye, unakumbuka, ile Jumapili uliyompa simu. Hukujua alichoniambia kwa sababu ulikuwa umekwenda kuepua chungu. Aliniamkua vizuri sana, kwa Kinyiramba, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nikamwambia, baba, ni Elia. Akafurahi. Akasema, "Na mimi nina mwanangu anaitwa hivyo hivyo. Yuko mbali. Ukimkuta, msalimie." Nikamwambia nitamsalimia.

Ndipo sasa mnanitaka niseme. Neema anasema baba mdogo ameshanunua kufuli, ametia na komeo kwenye mlango wa chumba cha nyuma, lakini hathubutu kulifunga, kwa kuwa mlango wa mwenye mji haufungwi mpaka mwanawe wa kwanza aseme. Ni kweli, ndivyo ilivyo kwetu. Ila aliyeweka desturi hiyo alidhani mwana wa kwanza atakuwa anakaa nyumba ya pili, si huku. Anamwona baba yake kila asubuhi, anajua leo kaamkaje, ndipo anasema. Mimi nasema kwa kuambiwa. Wewe unayemvalisha viatu huruhusiwi kusema, mimi nisiyemwona ndiye nisubiriwe.

Nimetafuta upenyo kila mahali. Nimefikiri atembee, maana kutembea ndiko kunamtuliza, ila awe na mtu pembeni. Nani? Wewe na magoti hayo humfikii hata kwenye uzio wa minyaa. Mdogo wangu Yona yuko kwenye lori la watu, leo Mwanza kesho Dar. Neema ana mapacha na shule, na Iguguno anakokaa si jirani. Baba mdogo mwenyewe anahema akipanda ngazi za kanisa. Mtu wa kutembea na baba nilikuwa mimi, mama. Kazi hiyo naiweza, nalipwa kwa hiyo. Kila wiki nawatembeza baba za watu, nawashika mikono kwenye vivuko, nawangoja wavute pumzi, nawarudisha kwa wake zao salama. Wangu yuko huko anapishwa njia na watu wenye adabu. Sijui nikulilie nini zaidi. Nimeshindwa, nakuambia ukweli, nimeshindwa kabisa.

Naona nazunguka tu kama hawa wageni. Acha nisalimie watu kwanza.

Msalimie baba mdogo, mwambie simlaumu kwa kufuli, najua lilimtesa kulinunua. Msalimie Neema na shemeji na mapacha, wasiache kunitumia sauti zao. Yona akipita na lori ashuke, hata kama ni kunywa maji tu. Mama mchungaji mwambie nashukuru kwa maombi. Na yule kijana wa bodaboda mwite umpe salamu zangu, umwambie sina neno naye.

Sasa nasema. Mfungieni.

Asifungwe kamba, hata siku moja. Ni mlango tu, na dirisha libaki wazi ili jua la asubuhi limfikie, na wewe ukae nje karibu akusikie unachambua mlenda au unaimba. Koti la mnadani mwachieni, asinyang'anywe. Wakati wowote akipatikana mtu wa kukaa naye, mlango ufunguliwe atoke uani.

Atagonga. Najua atagonga, na ataita kwa ile sauti ya kuita ng'ombe, na majirani watasikia. Akiuliza nani amemfungia, usimtaje baba mdogo, wala usijitaje wewe, maana nyinyi ndio mnaompa uji na inabidi aule mikononi mwenu. Mtaje mimi. Mwambie ni Elia, mwanao wa kwanza, ndiye aliyesema.

Na akikujibu kwamba mwanawe Elia hawezi kusema neno kama hilo, mama, usibishane naye. Mwache aamini hivyo.

Ni mimi mwanao,
Elia