Matoazi Yamepotea Kwenye Santuri ya Mkwe Wangu

Shangazi Winifred mpendwa, niokoe kabla ya Jumapili. Mimi ni mwamuzi wa sauti katika klabu yetu ya santuri hapa Walsall, kazi yangu ni kuketi kiti cha katikati ya spika mbili, nifumbe macho, watu wanyamaze mpaka upande mzima uishe, halafu niseme kama toleo lililosafishwa upya limelifikia la zamani, na nikisema nimesema, sasa mkwe wangu Gethin, fundi wa sauti, akapewa kanda za albamu ile ya roki niliyokuwa nikimpigia mke wangu Beryl enzi za uchumba wetu, akazisafisha, santuri mpya ikatoka, nami mbele ya wanachama wote, yeye amekaa pale na kikombe chake cha chai, nikatamka kwamba gitaa limefunikwa blanketi na matoazi ameyaua, akaweka kikombe chini akaenda zake, binti yangu Rhian akanipigia simu, "Baba, kazi ile aliiomba kwa ajili yako. Jumapili usije kula kwetu mpaka umtake radhi," roho ikaniuma, lakini nitamwombaje radhi mtu kwa kosa lake mwenyewe, ila nilipoweka ile ya zamani nihakikishe, matoazi sikuyasikia hata humo, nikasema labda nayo imechoka, Beryl akacheka, "Clive, birika limepiga filimbi mpaka maji yamekauka, nawe umekaa kando yake," lakini Shangazi, mwamuzi akionekana na kifaa cha kusaidia kusikia sikioni, si watanivua kiti?

Clive wa Walsall

Pole, Clive. Masikio kuchoka si aibu. Lakini baba, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Santuri mbili, moja mpya na moja umeilea mwenyewe miaka yote hiyo, zote zimeibiwa matoazi? Mwizi gani huyo asiyegusa kingine? Angekuwa mwenzako hapo kwenye kiti, ungeshamcheka.

Kesho kapimwe masikio. Beryl akusindikize, maana muuguzi akiita jina lako hutasikia. Ukitoka hapo nenda kwa Gethin, bila hotuba, umwambie ulihukumu kwa masikio mabovu. Kisha urudie maneno hayohayo mbele ya klabu, kwa kuwa ulimvunjia heshima hadharani. Wakikuvua kiti, kaa kwenye benchi na wenzako, huko nako chai inafika.

Kifaa kikishakaa sikioni, mwombe Gethin akuwekee santuri yake tangu mwanzo. Ukiipenda, mwambie. Usipoipenda, mwambie vilevile, lakini jikoni, mkiwa wawili, mnakausha vyombo. Kijana alitaka kumfurahisha baba mkwe wake. Mwamuzi hakualikwa.