Baba, Walimpigia Muli Makofi

Baba,

Tumekuzika na bado nina hasira na wewe. Watu wa kanisa wananiambia ninyamaze, eti umeshaenda. Basi nakuandikia mwenyewe, uyasikie mwenyewe.

Unaikumbuka meza yetu hapa Nunguni? Muthokoi ya mahindi na maharagwe inatoa mvuke, Mama ameinamisha kichwa, nawe unamtupia ndugu yangu Muli neno refu la Kiingereza. "Vunja neno kwanza, ndio ule." Un-for-get-ta-ble. Kofi kwa kila silabi, na kwenye "get" apige na mguu chini, kwa sababu hapo ndipo penye mkazo. Mimi nilikuwa napiga, nakula. Muli ana kigugumizi, Baba. Ulijua! Alikwama kwenye "un" mpaka chakula kikapoa, nawe ukasema huo ni ukaidi. Shuleni ulikofundisha kila mtu alikusifu. Nyumbani tulikuogopa.

Sasa sikia mazishi yako yalivyokwenda. Kamati iliandika hotuba ya watoto kwa Kiingereza, ikampa Muli kwa kuwa ndiye mwanamume. Alikuja kutoka Kalamba na suti ya kuazima. Pasta akamwita: "Haya, sasa tusikie kijana wa Mwalimu, na Kiingereza ya Mwalimu!" Hata sentensi ya kwanza hakuimaliza. Walikuwa wameandika kwamba wewe ni unforgettable, mtu asiyesahaulika. Akakwama palepale, "un, un," jasho linamtoka. Na wale wanafunzi wako, watu wazima wenye mvi, wakaanza kumpigia makofi. Silabi kwa silabi, vile ulivyowafundisha. Kwenye "get" kanisa zima likakanyaga sakafu. Walidhani wanamsaidia. Wengine walikuwa wanacheka kwa furaha, wakikukumbuka wewe.

Muli aliiweka karatasi juu ya jeneza lako akatoka. Hakungoja hata kutia udongo. Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa nyumbani, na Mama akimpigia simu hashiki. Mama hali vizuri. Wajomba wanasema kijana amekosa adabu. Adabu gani? Nimewajibu vibaya, na sijutii.

Kinachoniuma ni kwamba nilikupenda. Nilipougua malaria ulinibeba mgongoni mpaka zahanati, njia nzima unanisemesha nisilale. Sauti yako ilikuwa ya upole sana siku hiyo. Kumbe ulikuwa nayo. Mbona Muli hukumpa hata kidogo?

Lala, Baba. Sijakusamehe na sitajifanya. Kesho naenda Kalamba kumwomba ndugu yangu arudi kwa Mama. Ataanza kunijibu, atakwama, na mimi nakuahidi nitanyamaza mpaka amalize mwenyewe, hata kama neno lenyewe litakuwa hapana.

Binti yako,
Mwende