Kaseti Mbili Ulizoziita za Shetani

Baba yangu, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Litapunga, na ng'ombe wanapata majani. Mimi sijambo, ila joto la Dar es Salaam linanichosha.

Umeuliza kwa nini mwanao anarekodi nyimbo za shetani kwenye duka la kaseti, maana umezisikiliza zile mbili nilizosahau nyumbani. Nilicheka, baba, kisha nikafikiri. Ile ya magitaa yenye kelele ni ya Wazungu, huku wanaiita metali. Habari zake ni makaburi, vita na mwisho wa dunia. Ya pili ni hip-hop ya Wamarekani weusi: bunduki, jela, vijana wanaozikana. Zote mbili ni giza tupu, lakini giza lenyewe si moja.

Hilo nimelijulia msibani. Jirani wa bosi alifariki, nikatumwa nipeleke redio na kaseti za kwaya. Kwa haraka zangu nikabeba nakala ya dukani ya ile metali. Inaanza na kinanda cha kanisani, watu wakainamisha vichwa. Magitaa yalipoingia nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyenigombeza. Bibi mmoja aliuliza tu, "Huyu analia hivi, kafiwa na nani? Mbona hamtaji?"

Swali hilo limenikaa. Metali ni msiba usio na marehemu. Yule wa hip-hop anawataja rafiki zake waliokufa, mmoja mmoja, na mtaa walikokaa. Kujisifu anajisifu, na wapinzani anawatukana. Nikakukumbuka wewe ulipokuwa manju, unaongoza ngoma yetu, unawaimbia Bagalu, wapinzani wetu wa ngoma, makaburi yao nao wangali hai. Halafu unawataja marehemu wetu mpaka watu wanalia. Wala hakuna aliyekuita shetani.

Lakini tangu tumzike mama hujaimba tena. Dada Mbula alimpa mwanawe jina la mama, nawe mpaka leo unamwita "we mtoto". Inaniuma, baba.

Nisalimie shangazi, na baba mdogo anayechunga upande wa Kasekese. Shemeji anakuja na treni ya Mpanda, nimempa kaseti tupu. Mbula anajua vitufe vya kurekodia. Ukishindwa kuimba usijilazimishe. Mwite tu huyo mtoto kwa jina lake, nami huku nisikie.

Mwanao,
Shija