Nani Alisikia Bustanini

Lyulilo, Jumatano, Mei 1909

Leo darasani nilikasirika bure, na watu wakacheka. Kichwa bado kinaniuma.

Nilikuwa nawasomea wanaongojea ubatizo habari ya Yesu akiomba bustanini, na wanafunzi wake wamelala. Tusekile, yule mjane mfinyanzi, akainua mkono wenye udongo. "Mwalimu, kama wote walilala, maneno ya ile sala aliyasikia nani?"

"Mama, umekuja kujifunza au kunishtaki barazani?" Wakacheka. Yeye hakucheka.

Ukweli ni kwamba sijui. Nimesoma habari hiyo miaka mingi na sikuwahi kujiuliza.

Baada ya darasa alinifuata, amejitwika vyungu vyake. Akasema usiku ule mwanawe alipokufa, yeye alikuwa amemuuguza mpaka usingizi ukamshinda. Alipoamka, mwili wa mtoto ulikuwa umeshapoa. "Labda aliniita, Mwalimu. Nikadhani, kama kuna aliyesikia kule bustanini..."

Nikamwambia Mungu alisikia.

"Hilo naamini. Nilitaka kujua kama na mtu alisikia." Akasema ndaga, asante ya kwao, kana kwamba nimempa kitu, akaenda zake sokoni.

Jumapili mchungaji Mjerumani ataniuliza nani yuko tayari kubatizwa. Asubuhi, kwa hasira, nilikusudia kusema Tusekile angoje mwaka mwingine, ni mbishi.

Nimechoka, Bwana, na jibu lake sina. Lakini jina lake nitalitaja la kwanza.